Kona za kitambaa zinajikunja: sio uzi wala mkono, ni kimo cha stichi

*"Shikamoo mwalimu. Nina oda ya vitambaa vya makochi, vipande sita vya mraba, mama mmoja anamuandalia binti yake anaolewa mwezi ujao. Nafuma kroshia, kwa sindano yenye ndoano, kuanzia katikati kwa uzi wa pamba, na mji wa kitambaa unakaa vizuri kabisa, umelala mezani. Shida ni pindo. Kijitabu cha zamani cha mama yangu kinasema kwenye kona weka dabo 3, nikaangalia YouTube dabo inafumwaje, nikaweka, raundi mbili tu kona zote nne zikainuka kama bakuli. Nikaweka makombe juu yake, yale ya stichi 5 ndani ya tundu moja, ndio zikazidi kujikunja. Nikafumua, nikafanya makombe ya 7 kuzunguka kote, sasa kona zimetulia kidogo ila pembeni pote ni mawimbi matupu. Nimefumua mara nne, uzi umeanza kuchoka. Jirani anasema nimalizie hivyo hivyo nitie wanga nipige pasi. Je ni uzi mbovu au ni mkono wangu?"*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kufumua mara nne kitu ambacho una tarehe ya kukikabidhi kunauma, tena pindo ndio sehemu ya mwisho, umeshachoka, unaona kama umemaliza kumbe ndio kwanza.

Nianze na swali lako la mwisho maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Uzi wako hauna shida na mkono wako hauna shida, na ushahidi umeutoa wewe mwenyewe, umesema mji wa kitambaa umelala vizuri mezani. Uzi ungekuwa mbovu au mkono ungekuwa unabana sana, pale katikati pangekunja kwanza kabla hujafika pembeni. Kitambaa kinacholala katikati halafu kinainuka kwenye kona mara nyingi kinakuambia kitu kimoja, kona zimenyimwa stichi. Na kilichokufanya uzinyime ni jina, hilo neno dabo.

Kuna watu wawili wanatumia neno hilo kwa vitu viwili tofauti. Vijitabu vya Kiingereza cha Uingereza, ambavyo mama zetu wengi walivitumia, vinaita dabo ile stichi fupi kabisa, ile ambayo huzungushi uzi kwenye sindano kabla ya kuingiza, unaingiza tu unavuta unafunga. Wamarekani hiyo hiyo wanaiita singo. Dabo ya Mmarekani ni ile ndefu ya kuzungusha uzi mara moja kabla ya kuingiza, ambayo kijitabu cha mama kinaiita trebo. Na video nyingi za YouTube zinafuata majina ya Kimarekani. Kwa hiyo kijitabu kilikuambia uweke stichi FUPI 3 kwenye kona na kilikuwa sahihi kabisa, wewe ukaenda kuangalia video ukajifunza stichi NDEFU, ukaweka 3, na video nayo haikukosea. Umechanganya vitabu viwili tu bila kujua, na hili nimeliona kwa watu waliofuma miaka kumi, sio wewe peke yako. Kuanzia leo usiulize stichi inaitwaje, uliza uzi unazungushwa mara ngapi kabla ya kuingiza sindano. Sifuri ni fupi, mara moja ni ndefu, mara mbili ni ndefu zaidi. Mimi hapa chini nitatumia majina hayo, fupi na ndefu, tusipotezane tena.

Sasa kwa nini 3 itoshe kwa fupi isitoshe kwa ndefu? Hapa naomba ukae unisikilize vizuri maana ukielewa hapa hutahitaji tena kukariri namba za mtu.

Chukua kigae cha sentimita 10 kwa 10. Kukizunguka ni sentimita 40. Kizungushie utepe wenye upana wa sentimita 1 pande zote. Upande wa nje sasa una urefu gani? Sio 10 tena, ni 12, maana umeongezeka sentimita 1 huku na 1 kule. Kuzunguka kote ni 48. Zimeongezeka 8, na hizo 8 zote ziko kwenye kona, pembeni hakuna kilichoongezeka hata kidogo. Utepe ungekuwa wa upana wa sentimita 2, zingeongezeka 16. Umeona? Kadiri raundi yako inavyokuwa na kimo kirefu ndivyo kona zinavyodai zaidi. Pembeni hapadai kitu, pembeni ni stichi moja juu ya stichi moja, deni lote lipo kwenye kona.

Stichi fupi kimo chake kinakaribiana na upana wake. Kwa hiyo raundi moja ya fupi inahitaji kuongeza stichi 8 kwa mzunguko mzima, yaani 2 kila kona, na ukiweka 3 kwenye tundu moja umeongeza 2. Ndio maana ya ile 3. Stichi ndefu kimo chake ni kama mara mbili ya upana wake, kwa hiyo raundi moja inadai 16, yaani 4 kila kona. Wewe uliweka 3, ukaongeza 2 tu, raundi mbili ukafanya hivyo hivyo, hesabu yake ni stichi 16 ambazo zilitakiwa ziwepo na hazipo. Hata duara la kawaida la stichi ndefu ili lilale linataka 12 kila raundi, wewe ulikuwa unatoa 8, sasa hapo kitambaa kitaacha vipi kuwa bakuli? Kingeshangaza kama kingelala.

Kwa stichi ndefu una njia mbili za kulipa hilo deni. Ya kwanza weka 5 kwenye tundu moja la kona, kona inakuwa imejaa, nzito kidogo, inakaa kama mviringo kwa mbali. Ya pili weka ndefu 2, cheni 2 (vile vitanzi vitupu unavyovuta kimoja ndani ya kingine), ndefu 2, zote ndani ya tundu la kona, na raundi inayofuata unaingia kwenye hicho kitundu cha cheni unarudia. Mimi kwa vitambaa vya makochi napenda ya pili, kona inatoka kali, na kile kitundu kinakuonyesha kona ilipo bila kuhesabu. Ukitumia stichi ya kuzungusha uzi mara mbili basi ni 3, cheni 2, 3. Hizi namba sio amri za mbinguni, wapo wanaovuta uzi juu sana na stichi zao ni ndefu kuliko za wenzao, wapo wanaobana. Ukiona kona imetoka inayumba kidogo punguza cheni iwe 1 kabla hujagusa stichi, mara nyingi inatosha.

Twende kwenye makombe maana ndiyo pambo lenyewe na ndipo ulipohangaika zaidi.

Chukua sahani uiweke pembeni mwa meza, katikati ya sahani ikae sawasawa kwenye ukingo. Nusu ya sahani iko nje si ndio? Sasa isogeze mpaka katikati yake ikae kwenye kona ya meza. Iliyo nje sio nusu tena, ni robo tatu. Kombe ni hiyo sahani. Kombe la pembeni ni nusu duara, kombe la kona ni robo tatu ya duara, ni makombe mawili tofauti na hayawezi kuwa na stichi sawa. Stichi ndefu 12 ndizo zinazokamilisha duara ukianzia katikati, kwa hiyo nusu ni 6 na robo tatu ni 9. Kombe la pembeni linabanwa na fupi huku na huku halifunguki lote, ndio maana 5 zinatosha. La kona linataka 7 mpaka 9.

Ulipoweka 5 kila mahali pembeni palikuwa sawa na kona zikabaki na njaa juu ya njaa ya raundi mbili za chini. Ulipoweka 7 kila mahali kona zikapata nafuu lakini pembeni ukapajaza stichi ambazo hazina pa kukaa, na stichi isiyo na pa kukaa inasimama, hayo ndiyo mawimbi. Kwa hiyo dawa ni 5 pembeni, 7 au 9 kwenye kona. Namba isiyogawanyika kwa mbili ni nzuri hapo, kwa sababu stichi ya katikati inasimama kabisa kwenye ncha ya kona na pande mbili zinalingana, jicho linaona hata kama mtu hajui kufuma. Anza na 7. Ikiwa kona inavuta vuta ndani weka 9. Na ukitaka iwe nyepesi weka 7 lakini katikati ya kila stichi tupia cheni 1, kombe linafunguka kama mkia wa tausi na uzi hauongezeki sana.

Hesabu sasa, maana kombe la kona halikai kwenye kona kwa bahati, linapangwa. Mpango wa kawaida ni kombe, ruka 2, fupi 1, ruka 2, kombe. Kutoka kombe hadi kombe ni hatua 6. Ili kombe liangukie kwenye kona zote nne, kutoka stichi ya kona hadi stichi ya kona nyingine lazima ziwe hatua zinazogawanyika kwa 6, kwa hiyo stichi zilizo KATI ya kona mbili, bila kuhesabu kona zenyewe, ziwe 29, au 35, au 41, au 47, unaendelea hivyo kwa kuongeza 6. Mfano ukiwa na 35 utapata makombe 5 na fupi 6 kila upande, na kombe kubwa kila kona.

Watu wengi wanaruka hapa, wanaanza makombe moja kwa moja juu ya raundi ya ndefu, wakifika kona wanakuta imebaki stichi moja au mbili wanalazimisha, halafu kona moja inatoka nzuri na tatu zinatoka za ajabu. Usifanye hivyo. Kabla ya makombe fuma kwanza raundi moja ya fupi, na hapo ndipo ile 3 ya kijitabu cha mama inapata kazi yake. Kila kona fupi 3, ile ya katikati ndio kona yako. Raundi hiyo inaongeza 2 kila upande, ulikuwa na 33 kati ya kona utakuwa na 35. Kabla ya raundi hiyo ukikuta una 34, ruka tundu moja katikati ya upande, ukikuta 32 weka fupi 2 kwenye tundu moja, pia katikati ya upande, kamwe usirekebishe karibu na kona. Stichi moja katikati ya upande hakuna binadamu atakayeiona. Ila pande zote nne zifanye sawa.

Jambo jingine dogo ambalo limewasumbua wengi. Kichwa cha stichi hakikai juu ya mwili wake sawasawa, kwa anayefuma kwa mkono wa kulia kinaegemea kulia kidogo. Ukifuma kona zilizojaa bila kitundu cha cheni ni rahisi sana kuingiza kwenye stichi ya jirani ukidhani ni ya katikati, raundi ya kwanza huoni kitu, raundi ya nne mraba umeanza kujipinda kama unataka kuzunguka. Funga kipande cha uzi wa rangi nyingine au pini ya kufunga nepi kwenye stichi ya kona, kila raundi ihamishe. Mimi mpaka leo natumia uzi mwekundu.

Kuhusu jirani yako na wanga. Simlaumu, wanga ni rafiki yetu, kitambaa cha pamba kilichotiwa uji mwepesi wa wanga kikabanwa na pini zisizoshika kutu juu ya godoro mpaka kikauke kinapendeza kuliko kilivyotoka mkononi. Makombe hayo hasa yanahitaji kunyooshwa, yakitoka kwenye sindano yanakuwa yamejikunyata. Lakini wanga unanyoosha kilichokaribia kunyooka, hauleti stichi 16 ambazo hazipo. Utapiga pasi leo kitalala, huyo binti ataolewa, atafua baada ya wiki mbili, wanga utatoka na bakuli litarudi, na wakati huo jina lako ndilo litakalotajwa sebuleni kwake. Halafu angalizo kwa wengine wanaosoma hapa, kama uzi wako sio pamba ni ule wa sufu ya plastiki, pasi ya moto usiguse kabisa, unalegea na kung'aa na haurudi tena.

Umeniandikia makombe, ila kwa kuwa una vipande sita niseme kidogo kuhusu mapambo mengine, ukiona muda unakubana. Pikoti, vile vinundu vya cheni 3 unavyovifunga kwa kuteleza, ndiyo rahisi kuliko yote kwenye kona, maana unazunguka na fupi zako 3 kwenye kona halafu nundu moja unaiweka juu ya ile ya katikati. Inakula uzi mdogo na ikifuliwa haijikunji sana. Stichi ya kaa, ile fupi inayofumwa kurudi nyuma kutoka kushoto kwenda kulia, inatoa ukingo kama kamba, kona weka 2, ukiweka 3 mara nyingi inavimba. Bisi, zile stichi 5 unazozikusanya zinakuwa kifundo kimoja, zinadanganya watu wengi, wanaziweka kwenye kona wakidhani wameongeza 5, wakati ukishazifunga pamoja ni stichi moja tu na haijazungusha kona hata kidogo. Ziweke mbili ubavuni, moja kila upande wa kona, na kona yenyewe iache na ndefu zake na cheni. Stichi za kuinua, zinazofumwa kwa kuzunguka mwili wa stichi ya chini badala ya kichwani, zinatoka fupi kuliko kawaida, kwa hiyo kona yake nayo inadai stichi chache kuliko kawaida. Nanasi, lile pambo lenye umbo la tunda hilo, naomba uliache kwa oda hii. Nanasi ni zuri, nalipenda kuliko yote, lakini linajengwa kwa raundi nyingi na likikosewa kwenye kona unafumua mpaka chini, na wewe una mwezi mmoja.

Na kwa mtu ambaye mraba wake haukuanzia katikati, ameufuma kwa mistari kwenda na kurudi, deni lake lina sehemu ya ziada. Juu na chini ana vichwa vya stichi vya kuhesabu, ubavuni ana miisho ya mistari tu. Kama mistari ni ya fupi, chukua fupi 1 kila mstari, kama ni ya ndefu chukua 2. Kisha linganisha, pande zote nne zifike namba moja, ndipo uanze pambo.

Sasa tuzungumze kazi yako iliyo mezani. Usifumue vyote. Chukua kipande kimoja, fumua pindo tu mpaka ufike pale mji ulipolala vizuri. Uzi uliofumuliwa mara nne usiurudishe kwenye makombe ya mbele, utaonekana umepauka na una manyoya, utumie kwenye raundi za ndefu za chini kama bado una nguvu, na makombe yafume kwa uzi mpya. Raundi mbili za ndefu na kona za 2, cheni 2, 2. Weka mezani, usiunyooshe kwa kiganja, uangalie tu. Raundi ya fupi na kona za 3, hesabu. Makombe upande mmoja na kona mbili, simama, weka mezani tena. Ikilala maliza. Kipande hicho kikishaisha kifue, kikaushe bila wanga, kiangalie asubuhi yake. Kikiwa kimelala bila wanga ndipo ushike vitano vilivyobaki, na namba ziandike kwenye karatasi zisikae kichwani. Kama tayari kuna kipande umemaliza kwa makombe ya 7 pembeni, sitakuficha, hicho hakina njia ya mkato, pindo lake litatoka.

Kama umefanya haya yote kwa hesabu hii na bado kona zinainuka, hapo maandishi yangu yamefika mwisho, beba kitambaa na sindano yako uende kwa fundi aliye karibu nawe, mama yeyote anayefuma vitambaa sokoni, ukae mbele yake ufume kona moja akuangalie. Kuna vitu haviandikiki, kama vile unavyoshika uzi ukifika kwenye kona, wengi tunabana pale bila kujijua kwa sababu tunaogopa, na mtu aliyekaa pembeni yako anaona kwa dakika moja. Pengine atakuambia ubadilishe sindano iwe nene kwa saizi moja, pengine atakuambia upumue.

Na ukifuma vipande sita kwa mwezi angalia mkono. Ukianza kuhisi ganzi kwenye vidole, hasa usiku, au maumivu ya kifundo cha mkono yasiyoisha baada ya kupumzika siku mbili tatu, nenda hospitali wakuone, usijifunge kitambaa ukaendelea. Mwambie mama mwenye oda ukweli mapema kama siku zitapita, ni bora apokee vinne vilivyolala kabla ya harusi na viwili baadaye.